Mvua ya Birika

Vijana, kwanza hongereni. Nasikia siku hizi mvua mnaipima mkiwa mmekaa. Mtu anatoa simu mfukoni, anaitazama, anatangaza kwamba kesho Mugumu itanyesha, anairudisha mfukoni na kupanda bodaboda kwenda zake. Hana matope miguuni, hana umande wa majani kwenye sketi. Kesho yake jua linawaka mpaka mbuzi wanatafuta kivuli cha ukuta, na hakuna anayemwuliza kitu. Mimi nimepima mvua kwa mguu tangu nikiwa binti mpaka meno ya nyuma yalipoanza kuniaga, na siku niliyokosea hesabu, mara moja tu, kijiji kizima kilipoteza mbegu. Angalieni tulivyogawiwa bahati.

Naitwa Bhoke. Hapa Issenye watoto wananiita Bibi Birika, na wazazi wao wanajifanya kuwakataza huku wakicheka kwenye khanga. Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja kutoka ofisi inayotunza takwimu za mvua, na kompyuta yake ndogo kwapani. Shikamoo aliitoa vizuri, hilo nampa. Akakaa, akafungua mashine, akasema, "Bibi, kuna siku moja ya Oktoba kwenye kituo chako cha zamani. Milimita hamsini na tatu. Hakuna siku nyingine ya Oktoba inayoikaribia, si kabla, si baada. Sasa tunatengeneza wastani wa kuwaambia wakulima mvua za huku huanza lini. Nilitaka nikuulize, siku ile ilinyeshaje?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Halafu nikaacha, kwa sababu siku ile si ya kucheka. Mimi ndiye niliyeinyesha.

Tulieni basi niwaeleze, na msinikatize.

Kazi niliianzia Tarime, kule juu milimani, kwa sababu niliandika tarakimu zinazosomeka. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Aliyenifundisha ni Mzee Matiko, mpima mvua tangu enzi za Mwingereza, mtu mkavu wa maneno na mwenye koti moja. Walipomletea bilauri mpya ya milimita aliitazama kama mtu aliyeletewa mke asiyemtaka. Yeye alizoea inchi. "Milimita ni mvua ya maskini," alisema. "Inanyesha kidogo, unaandika nyingi." Lakini aliitumia, na kwa mwaka mzima aliandika zote mbili, moja ya Serikali na moja ya moyo wake.

Kipima mvua, kwa ninyi ambao hamjakiona, ni mkebe wa shaba uliochimbiwa ardhini mahali pa wazi. Mdomo wake ni upana wa kiganja. Ndani kuna faneli, chini ya faneli kuna chupa. Kila siku saa tatu asubuhi, iwe Krismasi, iwe msiba, unatoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, unachuchumaa mpaka jicho lilingane na maji, unasoma pale yalipobonyea katikati, si pale yanapopanda ukingoni. Wavivu husoma wakiwa wamesimama. Wavivu hao hupata mvua nyingi sana.

Ukishasoma, unaandika kwenye daftari kwa wino, na mvua uliyoikuta leo asubuhi unaiandika kwenye tarehe ya jana. Ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya kosa, liendelee kusomeka, andika sahihi pembeni na jina lako. Mzee Matiko alichukia raba kuliko alivyochukia fisi. Alisema anayefuta ana la kuficha, na anayepiga mstari ameshakiri.

Kule milimani hapakuwa na shida ya mvua. Shida ilikuwa kuinyamazisha. Ilinyesha masika, ilinyesha vuli, na katikati yake ilinyesha kwa mazoea tu. Kila alasiri wingu linapanda kutoka upande wa ziwa, radi inapiga, migomba inainama, na mara kwa mara yanashuka mawe ya kuvunja vyungu. Ukiteremka upande wa Nyakunguru, mwendo wa asubuhi moja tu, unakuta hali nyingine. Wachimbaji dhahabu wa kule walikuwa watu pekee niliowajua ambao wingu likitokea wanalitukana, kwa sababu mashimo yao yakijaa maji, dhahabu inabaki chini na wao wanabaki juu. Mvua moja, kilima kimoja, huyu anashukuru, yule analaani. Mkubwa mmoja aliyekuja kutoka mjini aliniuliza kwa nini vituo viwili vya jirani vinatoa takwimu tofauti, nani kati yetu ni mwongo. Nikamwambia mwongo ni kilima.

Na mimi nilikuwa na ujinga wangu mapema. Kulikuwa na mgomba karibu na kipima mvua, mdogo, mzuri, nikauhurumia. Ukakua. Jani moja likatanda juu ya mkebe. Kwa miezi miwili niliandika mvua kiduchu, na mkoani wakatuma barua ya pole, eti wamesikitishwa na ukame wa Tarime. Ukame! Huku nimesimama kwenye matope mpaka vifundoni. Mzee Matiko alikuja na panga, akakata lile jani, akalikunja, akanipa. "Chukua, mura. Huu ndio ukame wako. Upeleke mkoani." Aliniita mura, yaani kijana wa kiume, ingawa nilikuwa binti. Kwake yeye kila anayepima mvua alikuwa mura.

Somo la mawe alinifundisha asubuhi moja ya baridi, mawe yalipojaa kwenye faneli karibu na saa tatu. Mawe hayasomeki kwenye bilauri, lazima yayeyuke. "Chukua maji ya moto," alisema. "Lakini uyapime kwanza! Yapime, yamimine, barafu iyeyuke, pima yote kwa pamoja, halafu uyatoe yale uliyotia. Ya Mungu tumwachie Mungu, ya birika yarudi kwenye birika." Akanionyesha pia jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mdomo wa mkebe ni mdogo, kwa hiyo kikombe kimoja cha bati cha kunywea chai, ukikimimina humo, ni milimita ishirini na mbili. Mvua ya siku nzima iko ndani ya kikombe cha chai. Nilishangaa, nikacheka, nikasema nimeelewa.

Nilielewa kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Ikaja miaka ya vijiji. Mnasoma shuleni kwamba watu walihamia vijiji vya ujamaa, na neno hilo "walihamia" ni zuri, lina adabu. Upande wa Issenye walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika, wakapangwa kwenye mistari kama madawati ya shule, na mimi nikahamishwa kutoka Tarime na mkebe wangu wa shaba ili kijiji kipya kipimiwe mvua kisayansi. Nikapewa nyumba mstari wa tatu, jirani na mjane mmoja wa huko huko, Mama Mgesi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ulimi wa kunyolea ndevu.

Siku ya kwanza alikuja kutazama kipima mvua. Akakizunguka mara mbili.

"Hiki ndicho kinaleta mvua?"

"Hapana mama. Kinapima iliyokuja."

"Iliyokuja tunaiona. Serikali haina kitu cha kupima isiyokuja?"

Nikamcheka kimoyomoyo, mimi mtu wa milimani niliyelelewa na mawingu. Baada ya miezi sita sikucheka tena. Aliyesema dalili ya mvua ni mawingu hakuwahi kukaa Issenye. Wingu linajikusanya jeusi, linanguruma, kuku wanaingia ndani, halafu linakwenda kunyesha porini, kwa nyumbu. Unaona mvua kule, pazia zima, na hapa ulipo unafuta vumbi machoni. Mvua ya huku inapita shamba la Chacha inaacha la Mwita. Na ile ya kwanza ya vuli ni laghai. Wenyeji waliijua. Walikuwa wanaiacha ipite, wanaiacha na ya pili, ikija ya tatu ndipo wanapanda, na wanapanda mtama na ulezi, si mahindi. Kabla ya kupanda, Mama Mgesi alikuwa anachoma kidole chake ardhini. Kidole kikizama chote na kikarudi na udongo unaong'ang'ania, anapanda. Kikirudi na vumbi, anakipangusa kwenye khanga na kurudi kulala.

Sasa ofisi ya kilimo ilikuwa na kitu bora kuliko kidole. Ilikuwa na kalenda. Kalenda ya kupanda, imepigwa chapa vizuri, na ilitengenezwa kwa takwimu za kituo kilichoaminika sana. Kituo gani? Changu, cha Tarime! Daftari langu safi la milimani ndilo lililoamua watu wa Issenye wapande lini. Bwana Kilimo wa wilaya, mtu mnene mwenye kofia ya jua na haraka ya kudumu, alisimama mbele ya mkutano na kutangaza kwamba mahindi ya shamba la kijiji yatapandwa mwanzoni mwa Oktoba. Wazee wakaguna. Akaona alegeze kidogo kwa ajili ya sayansi. "Basi, tutangoja kipimo. Siku Dada Bhoke atakaposoma milimita hamsini, mwenyekiti agonge chuma, na kila nyumba itoke na mbegu. Atakayebaki nyumbani huyo ni adui wa maendeleo."

Mbegu yenyewe kila nyumba ilikuwa imeshapewa, mahindi ya Serikali, na kwa mantiki ambayo sijaielewa mpaka leo, kila nyumba iliagizwa ichanganye na mbegu yake ya akiba, yote iende shamba la kijiji. Maana yake ni kwamba chuma kikigongwa na mvua isije, watu hawana cha kurudia. Wote walilijua hilo. Mimi nililijua. Kitu kilichosimama kati ya mbegu za nyumba zile na ardhi kilikuwa jicho langu na mistari ya bilauri.

Basi asubuhi moja Bwana Kilimo akaja na Land Rover kabla ya saa tatu, amechoka kungoja. Kalenda ilikuwa inapita. Akaagiza chai, na kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa na moshi mwingi kuliko moto, nikamwomba Mama Mgesi abandike birika lake. Maji yakiwa yanachemka, mbingu ikafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona tena upande ule asubuhi. Wingu kutoka ziwani, radi mbili, halafu mawe. Si mvua, mawe. Yalipiga kwa muda wa mtu kunywa uji, yakaacha. Ardhi ikawa nyeupe, watoto wakaanza kuyala.

Bwana Kilimo akatoka mbio kama aliyeshinda bahati nasibu. "Dada Bhoke! Soma! Soma, ninaondoka!"

Nikaenda kwenye mkebe. Faneli imejaa mawe. Saa tatu kamili. Nikakimbia kwa Mama Mgesi, nikachukua birika na kikombe cha bati. Nikapima kikombe cha kwanza, nikamimina. Mawe bado. Nikapima cha pili, nikamimina. Yakayeyuka. Kichwani nasema vikombe viwili, arobaini na nne, kumbuka, arobaini na nne. Yule bwana amesimama juu yangu, kivuli chake kwenye bilauri, mwenyekiti wa kijiji yuko nyuma yake na nyundo mkononi tayari. Bilauri inashika milimita kumi tu, kwa hiyo unajaza, unamwaga, unahesabu. Kumi. Ishirini. "Inafika?" Thelathini. "Dada, inafika?" Arobaini. Hamsini. Na tatu.

"Ngapi?"

Nikasema, "Hamsini na tatu."

"Gonga!"

Mwenyekiti akakimbia. Rimu ya lori ilikuwa imening'inizwa kwenye mti karibu na ofisi ya kijiji, na ikaanza kulia kijiji kizima. Bwana Kilimo akaandika namba kwenye fomu yake, akagonga muhuri kwenye boneti ya gari, akaondoka na chai hakuinywa. Mimi nikalibeba birika kulirudisha.

Mama Mgesi akalipokea, akalitikisa. "Mbona jepesi? Maji ya chai ya mkubwa umeyapeleka wapi?"

Nilisimama pale mlangoni kwake, nikahesabu upya. Hamsini na tatu toa arobaini na nne. Tisa. Mvua ya Mungu ilikuwa tisa, na nyingine yote ilikuwa imechemshwa kwenye jiko lile lililokuwa mbele yangu.

Chuma kinalia. Watu wanapita na majembe na vikapu vya mbegu, wanaimba. Ningepiga kelele wangesikia. Lakini Bwana Kilimo ameshaondoka, fomu ina muhuri, mwenyekiti ana jasho la furaha, na mimi ni mtu wa kuja, binti wa Tarime, mtaalamu. Nikajiambia labda itanyesha tena kesho. Labda! Vijana, mtaalamu akianza kusema labda ndani ya moyo wake, mnyang'anyeni kalamu.

Mama Mgesi alinitazama usoni, akalitazama birika, akatoka nje. Akachoma kidole ardhini, palepale mawe yalipokuwa yanayeyuka. Kikazama mpaka kwenye kucha, kikakwama. Akakirudisha na vumbi. Aliingia ndani, akafunga mlango, na hakuenda kupanda.

Mnajua kilichofuata, hata kama hamkuwapo. Siku nne jua. Wiki jua. Mbegu zilizovimba kidogo zikakauka, zisizovimba zikachukuliwa na mchwa, na ndege kanga wakaja alfajiri kwa mistari, kwa nidhamu kuliko sisi, wakafukua shimo baada ya shimo. Kila asubuhi saa tatu nilichuchumaa mbele ya mkebe mkavu nikaandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Wanawake wakipita kwenda kisimani walikuwa wananiuliza, "Dada, leo je?" Nami najibu, "Bado mama." Nilikuwa siwezi kula. Nilimchukia Mama Mgesi kwa sababu alijua, na alikuwa hanisemi.

Wiki ya tatu Bwana Kilimo akarudi na askari wawili wa mgambo, akaitisha mkutano. Sayansi yake ilikuwa haiwezi kukosea, kwa hiyo walikosea watu. Mashimo mmechimba mafupi. Mmepanda bila moyo. Wamo wapinga maendeleo humu ndani! Na ushahidi alikuwa nao. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amepita kila nyumba, akakuta nyumba moja ina mbegu. Madebe matatu ya mtama na ulezi, yamefichwa chini ya kitanda cha mjane.

Wakamleta Mama Mgesi mbele, na madebe yake pembeni.

"Wewe mama," Bwana Kilimo akasema, "chuma kiligongwa hukukisikia?"

"Nilikisikia."

"Mvua hukuiona?"

Mama Mgesi akageuka taratibu, akanitazama mimi nilipokaa na daftari langu mapajani. Si kwa ukali. Alinitazama vile mtu anavyomtazama mwenzake aliyebeba upande wa pili wa kitanda, kuona kama atainua au hatainua. Akamgeukia tena yule bwana.

"Mvua muulize anayeipima."

"Kipimo kiko wazi!" Akanyanyua fomu. "Milimita hamsini na tatu! Hii ni hujuma. Mbegu inachukuliwa, na wewe utapanda gari kwenda Mugumu ukajieleze lokapu."

Mgambo mmoja akamshika mkono. Mama Mgesi hakuuvuta. Alifunga vizuri khanga yake kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu, na nilipoona ule mkono wake mwembamba ukifunga lile fundo, magoti yangu yakasimama kabla sijayaruhusu.

"Ni birika," nikasema.

"Nini?"

"Mvua ile. Ilikuwa mvua ya birika. Nilitia vikombe viwili vya maji ya moto kuyeyusha mawe, nikasahau kuvitoa. Mvua ilikuwa tisa. Yeye hakuhujumu kitu. Maji yenyewe yalikuwa ya kwake."

Halafu mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Kwa hiyo tumepanda kwenye chai?"

Wakacheka. Watu waliopoteza mbegu zao walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na katikati ya kicheko akina mama wawili walikuwa wanalia, na mimi nililia nao. Bwana Kilimo hakucheka. Uso wake ulikuwa umejaa kama mkebe wangu siku ile. "Unataka kusema," akaniambia, "Serikali imepanda kwa birika?"

"Serikali haijapanda, mzee. Wamepanda hawa."

Nikafungua daftari mbele yake, nikapiga mstari mmoja juu ya hamsini na tatu, nikaandika tisa, nikatia jina. Akasema mstari wangu ni wa daftari tu, fomu ilishafika mkoani na muhuri wake, na mvua iliyofika mkoani hairudishwi. Maneno yake hayo, sijaongeza chumvi. Lakini mbele ya umati ule hakuweza kumpandisha yule mama kwenye gari. Akapanda yeye. Nilipata barua ya onyo kali, ninayo mpaka leo, imeandikwa kwa Kiswahili kizuri.

Mbegu ilibaki. Jioni ile Mama Mgesi alitoa madebe yake nje, akaita mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaanza kugawa. Hakuna aliyemwomba. Alipimia kwa kile kile kikombe cha bati, vikombe sita kila nyumba, mtama vitatu na ulezi vitatu. Nilisimama mwisho kabisa, sikutaka kunyoosha chombo. Akaniita kwa sauti. Akanipimia vikombe sita, akatazama, akachota viwili akavirudisha kwenye debe.

"Wewe nakutolea viwili," akasema, "ili ujifunze kutoa."

Mvua ya tatu ilikuja Novemba, watu wakachoma vidole, wakapanda kwenye viunga vyao, wakavuna kidogo. Hakuna aliyekufa kwa njaa mstari wetu, ingawa tulikonda. Kuanzia mwaka ule kwenye kituo changu nilifanya jambo ambalo halikuwa kwenye kanuni. Kila asubuhi baada ya kusoma bilauri nilichoma kidole ardhini, nikaandika pembeni ya namba, kwa penseli, "kucha," au "pingili ya kwanza," au "kidole chote." Wakaguzi walidhani ni ushirikina. Niliwaacha wadhani.

Na kila mwaka ikifika Oktoba, Mama Mgesi alikuwa anapita mlangoni kwangu na kuuliza, "Bhoke, maji yangu yamerudi kutoka mkoani?" Nami nilikuwa naandika barua. Niliandika nikiwa kazini, niliandika baada ya kustaafu. Ilikuwa utani wetu, kisha ikawa si utani. Mwaka aliofariki alikuwa hawezi kukaa, akanishika mkono kwa ule mkono wake mwembamba kama kamba, akaniuliza tena. Nikamwambia bado. Akasema, "Yafuatilie. Siku moja watapanda tena kwa yale maji." Nikamwahidi.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini nilimkalisha kitako yule kijana wa kompyuta. Nilimtolea daftari, nikamwonyesha ule mstari na jina langu. Akashangaa, akapiga picha kwa simu, akaniahidi, akaondoka na adabu yake yote. Wiki iliyopita amenipigia. Amejitahidi, nampa haki yake. Wamemjibu kwamba fomu ya mkoani ina muhuri na daftari langu halina, na kwamba, zaidi ya hayo, ile namba imeshaingia kwenye wastani. Nikamwuliza wastani unasemaje. Akakohoa. Akasema unaonyesha kwamba upande wa Issenye mwanzo wa Oktoba si mbaya kwa kupanda.

Sasa wanaiita wastani, lakini kalenda ni ileile. Kwa hiyo mimi sina muhuri, nina ninyi tu. Ninyi mnaolima, mkiambiwa Oktoba, chomeni kidole kwanza. Na wewe unayekaa mbele ya hiyo mashine, ambaye siku moja utapewa ufunguo wa kubadilisha namba, kituo unakijua, tarehe unaijua. Nimechoka kuandika barua na yule mama ananingoja na swali lake. Toa vikombe viwili.